Kichaa cha ng'ombe humpata binadamu, lakini huku Kusini tuanze na mbwa na mbweha

Ndiyo, ugonjwa wa ubongo wa ng'ombe unaoitwa kichaa cha ng'ombe unaweza kumpata binadamu. Umeshampata, umeua, na waliouawa wamehesabiwa. Naanza na jibu kwa sababu swali hili limekuwa likizunguka kwenye vibanda vya supu vya Mtwara na Lindi, na mara nyingi nasikia likijibiwa kwa namna mbili, zote mbaya. Yupo anayesema hapana, hayo ni mambo ya Ulaya, ng'ombe wetu wanakula majani. Na yupo anayesambaza ujumbe wa sauti kwenye simu kwamba supu ya kichwa ni sumu, na kila anayeinywa atarukwa na akili uzeeni. Wa kwanza anamtuliza mtu na wa pili anamtisha, na wote wawili wanamwacha hajui chochote. Mtu anayeuliza chakula chake kina nini anastahili kuambiwa ukweli wote, pamoja na mipaka yake, kisha aachiwe aamue mwenyewe.

Kisa chenyewe kilianza shambani. Desemba 1984, kwenye shamba la Pitsham huko Sussex, kusini mwa Uingereza, ng'ombe mmoja wa maziwa aliyejulikana kwa namba 133 alianza kupinda mgongo, kukonda na kutetemeka kichwa. Februari 1985 akafa. Wengine wakafuata, huku na kule, kwenye mashamba yasiyopakana. Novemba 1986 maabara ya serikali ya mifugo ikatambua kwamba huo ni ugonjwa mpya. Ubongo wa ng'ombe hao ulipotazamwa kwa hadubini ulionekana umejaa vitundu vidogo vidogo. Mnyama alikuwa akipepesuka, akiogopa kupita mlangoni, akimpiga mateke mkamuaji aliyemzoea miaka yote.

Chanzo kilipatikana kwenye chakula. Masalia ya machinjioni, yaani mifupa, vichwa, matumbo na mizoga, yalikuwa yakipikwa viwandani, yakakamuliwa mafuta, yakasagwa kuwa unga, na unga huo ukachanganywa kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa ili wapate protini kwa bei nafuu. Mla majani akalishwa mwenzake. Ng'ombe mmoja mgonjwa akisagwa, unga wake unakwenda kwa mamia. Julai 1988 serikali ikapiga marufuku kuwalisha ng'ombe, kondoo na mbuzi unga huo. Lakini ugonjwa hukaa mwilini miaka minne hadi sita kabla ya kuonekana, kwa hiyo waliokwisha kula waliendelea kuanguka. Mwaka 1992 peke yake walithibitishwa ng'ombe zaidi ya 36,000. Kwa jumla Uingereza ilithibitisha zaidi ya 180,000, na mamilioni wengine wakachinjwa na kuteketezwa ili kuuzima.

Na binadamu je? Hapo ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu hapo ndipo serikali yenye wataalamu wengi na fedha nyingi ilipokosea, na kosa lenyewe lingeweza kufanywa na serikali yoyote, ikiwemo halmashauri zetu.

Mwaka 1989 kamati iliyoongozwa na Profesa Richard Southwood wa Oxford ilisema uwezekano wa ugonjwa huo kuingia kwa watu ni mdogo sana. Kamati hiyohiyo ikaongeza kwamba ikiwa makadirio yake si sahihi, madhara yatakuwa makubwa mno. Wakubwa wakashika nusu ya kwanza ya kauli hiyo na kuiacha ya pili. Mei 1990 Waziri wa Kilimo, John Gummer, alisimama mbele ya kamera akila mkate wenye nyama ya kusaga, na mwingine akimpa binti yake wa miaka minne, ili taifa lione kwamba nyama ni salama. Mwezi huohuo ilitangazwa kwamba paka wa kufugwa wa Bristol amekufa kwa ugonjwa wa aina ileile. Paka si ng'ombe. Ugonjwa ulikuwa umeshavuka kutoka jamii moja ya wanyama kwenda nyingine, na bado wananchi wakaambiwa wasiwe na wasiwasi.

Mei 1995 alifariki kijana wa miaka 19, Stephen Churchill, wa kwanza kujulikana kufa kwa ugonjwa huu wa kibinadamu uliotokana na ng'ombe. Tarehe 20 Machi 1996 Waziri wa Afya, Stephen Dorrell, akasimama bungeni na kusema kwamba wamepatikana wagonjwa kumi, na kwamba maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kuwa waliupata kwa ng'ombe. Mwaka uliofuata majaribio ya panya yalionyesha kwamba kilichowaua watu na kilichowaua ng'ombe ni kitu kimoja. Hadi leo Uingereza imezika watu 178 kwa ugonjwa huo. Mwaka wa 2000 ulikuwa mbaya kuliko yote, vifo 28. Ufaransa nayo ilipoteza watu wasiozidi 30. Wengi walikuwa vijana. Walianza kwa huzuni na wasiwasi usioeleweka, wakafuatia maumivu ya mwili, kuyumba, kusahau, kisha kulala kitandani wasiweze kusema. Kutoka dalili ya kwanza hadi kaburini ilikuwa mwaka mmoja na ushee.

Tume ya Lord Phillips iliyochunguza sakata lile ilitoa ripoti Oktoba 2000. Ilisema serikali haikuwadanganya wananchi kwa makusudi. Iliogopa taharuki, ikashikilia kutuliza watu, na kampeni hiyo ya kutuliza ilikuwa kosa. Kwangu mimi hilo ni zito kuliko uongo. Mtu mwongo unaweza kumshtaki. Mtu anayekutuliza kwa nia njema, akiwa hana uhakika wa anachokisema, anakupokonya nafasi ya kujilinda na wala hajui kwamba amekupokonya.

Sasa tuingie jikoni, maana huku kwetu imani kubwa iko kwenye moto. Kitu kikichemka vizuri, tunasema kimekufa. Kwa vijidudu vingi ni kweli. Lakini kinacholeta kichaa cha ng'ombe si bakteria wala si virusi. Ni protini inayoitwa prioni. Protini ya aina hiyo ipo katika ubongo wa kila mmoja wetu ikiwa imejikunja inavyotakiwa. Ikitokea moja imejikunja vibaya, inaishika jirani yake nayo ikunjike vibaya, na ya tatu, na ya nne, kama ukili unaosukwa, ukikosea mkunjo mmoja na inayofuata yote inalifuata kosa hilo. Haina uhai, kwa hiyo hakuna cha kuua. Maji yanayochemka hayaiwezi. Dawa ya kuhifadhia maiti haiiwezi. Hospitalini, vyombo vya upasuaji vinavyoshukiwa hupitishwa kwenye mvuke wa nyuzi 134 kwa dakika 18, na hata hapo madaktari hupendelea kuvitupa. Stanley Prusiner, Mmarekani aliyeipa prioni jina mwaka 1982, alibishiwa na wanasayansi wenzake miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Ilikuwa vigumu kuamini kwamba kitu kisicho na chembe ya uhai kinaweza kuambukiza.

Kwa hiyo anayesema "mimi naichemsha saa tatu" hajajikinga na prioni. Kinachomkinga ni mambo mawili: sehemu anayokula, na ng'ombe mwenyewe ametoka wapi. Prioni hujikusanya kwenye ubongo, kwenye mshipa mkubwa wa fahamu uliomo ndani ya uti wa mgongo, machoni, kwenye tezi za kooni na mwishoni mwa utumbo mwembamba. Mnofu wa kawaida na maziwa havijaonekana kuwa njia ya kuambukiza watu. Ndiyo maana Uingereza ilipiga marufuku ubongo na uti kuingia kwenye chakula cha binadamu Novemba 1989, na mwishoni mwa 1995 ikazuia nyama iliyokuwa ikikwanguliwa kwa mashine kutoka kwenye uti wa mgongo na kuishia kwenye nyama ya kusaga ya bei nafuu. Wengi wanaamini ni nyama hiyo iliyowafikia vijana.

Mama mmoja anayeuza supu Mtwara mjini, mtu wa makamo ambaye hupasua kichwa cha ng'ombe kwa shoka kabla ya swala ya alfajiri, aliniuliza wazi: "Mwanangu, wewe unasomasoma haya mambo. Hivi hiki kichwa kina ugonjwa?" Nikamwambia, "Mama, hicho kichaa cha Uingereza, kwa ng'ombe wa huku hofu yake ni ndogo sana. Ila na mimi nina swali. Huyu ng'ombe aliingia machinjioni kwa miguu yake, au alibebwa?" Akaacha shoka. "Mimi naletewa kichwa kwenye ndoo, mwanangu. Miguu yake siijui."

Jibu la mama huyo linastahili kusikilizwa kuliko mihadhara mingi. Kinga yote ya nyama, ya hapa na ya Ulaya, inasimama juu ya mtu mmoja aliyemwona mnyama akiwa hai, akamtazama anavyotembea, akamtazama machoni, na kuwa na mamlaka ya kusema huyu hachinjwi. Baada ya hapo kila mtu anapokea kipande kwenye ndoo.

Kwa nini nilimwambia hofu ni ndogo? Tanzania haijawahi kutangaza ng'ombe mwenye kichaa hicho. Ng'ombe wetu zaidi ya milioni 30 wanaishi kwa malisho ya porini, mabua na pumba, hawaishi kwa unga wa nyama. Njia iliyoubeba ugonjwa Uingereza huku haikuwahi kujengwa kwa ukubwa ule. Hiyo ni sababu nzuri, na inatosha kumwacha mtu anywe supu yake. Hata hivyo kutotangaza si sawa na kutafuta na kukosa. Namibia, inayouza nyama yake Ulaya, iliomba Shirika la Afya ya Wanyama Duniani liipime, ikawasilisha ushahidi wake, na ikaandikwa miongoni mwa nchi ambazo hatari ya ugonjwa huu ni ndogo kabisa. Hiyo ndiyo tofauti ya kuamini na kuonyesha. Na kwa anayedhani magonjwa ya prioni hayana nafasi katika bara hili, mwaka 2018 wanasayansi walitangaza ugonjwa wa namna hiyo kwa ngamia wa Ouargla, Algeria. Haujaonekana kumpata binadamu. Lakini upo, na uligunduliwa kwa sababu kuna watu walijisumbua kuutafuta machinjioni.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mbali na kichaa kile cha chakula, ipo aina inayojitokeza yenyewe kwa ng'ombe wazee, mara chache mno, bila kulishwa chochote. Brazil iliitangaza mwaka 2021 na tena 2023. Ng'ombe mzee mmoja wa namna hiyo akifa na kuzikwa, habari imeisha. Akisagwa na kulishwa wengine, huenda ndiyo mwanzo wa balaa jipya. Ndiyo maana kanuni ya kutomlisha ng'ombe masalia ya ng'ombe ina maana hata kwa nchi isiyo na mgonjwa hata mmoja.

Hapa Kusini ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa ndani unaongezeka mijini, na wafugaji wengi wana mabanda mawili ua mmoja: la kuku na la ng'ombe. Chakula cha kuku kina mifupa iliyosagwa, wakati mwingine na damu iliyokaushwa, na kwa kuku hakuna ubaya. Tatizo ni gunia likibaki nusu, kuku wameshauzwa, ng'ombe yuko hapo ana njaa na pumba imepanda bei. Nimeona kuchanganya huko kukifanywa kwa moyo mweupe kabisa, na mfugaji akinisifia jinsi maziwa yalivyoongezeka. Sina sababu ya kumlaumu, hakuna aliyemwambia. Uingereza ilipokataza unga ule kwa ng'ombe wake mwaka 1988, viwanda vyake viliendelea kuuuza nje ya nchi hadi ulipozuiwa kabisa mwaka 1996. Nchi inayonunua chakula cha mifugo bila kusoma kilichomo inaweza kununua tatizo la mwenzake. Kuandika kwenye kila gunia, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba chakula hiki asilishwe ng'ombe, mbuzi wala kondoo, hakuhitaji mfadhili.

Nimekaa sana Uingereza kwa sababu mafunzo yako huko. Lakini mtu wa Kilwa, Nachingwea au Nanyumbu akiniuliza ni ugonjwa gani wa ubongo anaoweza kuupata kwa ng'ombe wake mwaka huu, sitamtajia prioni. Nitamtajia kichaa cha mbwa.

Ng'ombe hupata kichaa cha mbwa. Hung'atwa malishoni, mara nyingi mdomoni au miguuni, na mbwa asiye na mwenyewe au na mbweha, na mchungaji anaweza asione kitu. Wiki kadhaa zinapita. Kisha ng'ombe anaacha kula, anajitenga, anaanza kulia kwa sauti nzito iliyokwaruza ambayo haikomi, mate yanamtiririka, miguu ya nyuma inalegea. Hawezi kumeza. Na hapo hufuata jambo ambalo madaktari wa mifugo wa nchi nyingi wanalijua na kulihofia: mwenye ng'ombe anadhani amekabwa na mfupa, kamba au kiazi cha muhogo, anamfungua kinywa na kuingiza mkono mtupu hadi kooni kutafuta. Mkono una mchubuko wa jembe au wa kubangulia korosho. Mate yale yamejaa virusi.

Hakupata alichokitafuta, ng'ombe anazidi, na sasa inakuja haraka ya kumwahi kisu. Jamii yetu ya pwani haili nyamafu, na ni haki yake. Kwa hiyo ng'ombe anayeelekea kufa huchinjwa upesi akiwa bado anapumua, ili isiwe hasara tupu. Mchinjaji anamshika kichwa, anamwinamia. Asubuhi mwingine anapasua fuvu kwa shoka na ute wa ubongo unamrukia usoni. Hawa ndio wenye hatari. Mlaji aliyepata mnofu ulioiva yuko mbali na hatari hiyo kuliko wao, kwa kuwa virusi vya kichaa cha mbwa, tofauti na prioni, hufa kwa moto, ingawa nyama ya mnyama huyo haipaswi kabisa kuuzwa na maziwa yake hayafai. Kichaa cha Uingereza kilimfuata mlaji hadi mezani. Hiki cha kwetu kinamngoja mfugaji na mchinjaji, watu ambao jina lao halitajwi kwenye ujumbe wowote wa sauti unaozunguka kuhusu supu.

Nisiongeze chumvi. Binadamu wengi mno wanaokufa kwa kichaa cha mbwa, hadi asilimia 99 duniani, wameupata kwa mbwa, na ng'ombe kumwambukiza mtu ni nadra. Ila ng'ombe mgonjwa ni taarifa. Anapoanguka na dalili zile, maana yake virusi viko kijijini, na aliyemng'ata bado anazurura au ameshawang'ata wengine, pengine mtoto ambaye hajasema nyumbani. Hapo ndipo thamani ya ubongo wa ng'ombe huyo ilipo: ukipimwa, unaokoa watu. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo chake hapahapa Mtwara. Sioni kwa nini kichwa cha ng'ombe aliyekufa kwa dalili za ubongo Liwale au Tandahimba kiishie sufuriani au shimoni bila mtaalamu kuchukua sampuli.

Na Kusini si mahali pa kawaida katika habari ya ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani lilipotafuta maeneo ya kuonyesha kwamba kichaa cha mbwa kinaweza kutokomezwa, kwa fedha za Bill na Melinda Gates, lilichagua kusini mashariki mwa Tanzania, sambamba na Ufilipino na KwaZulu-Natal ya Afrika Kusini. Mbwa wakachanjwa kijiji kwa kijiji katika mikoa yetu kwa miaka kadhaa kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 2010. Watafiti waliofuatilia matokeo Lindi na Mtwara walikuta jambo lililowashangaza: katika wanyama waliobainika kuwa na kichaa, mbwa walikuwa zaidi ya nusu, lakini mbweha nao walikaribia asilimia 40. Mikoa mingine mbweha hawafiki hata karibu na hapo. Maana yake ni kwamba mchungaji wa huku hawezi kujisalimisha kwa kusema kijijini hatuna mbwa. Pia haina maana kwamba chanjo ya mbwa ni bure. Walichoonyesha watafiti ni kwamba mbwa wakichanjwa, ugonjwa hupungua hata kwa mbweha, kwa kuwa wanaambukizana.

Aliyeguswa na mate ya mnyama wa kushukiwa penye jeraha, awe mbwa au ng'ombe, asikimbilie mafuta ya taa wala pilipili. Aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, na siku hiyohiyo aende hospitali akachomwe sindano, ya kwanza siku ile, na nyingine kwa tarehe atakazopangiwa, bila kuruka hata moja. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Sindano zenyewe hazipatikani kila zahanati na zina gharama, na kwa mkulima aliye nje ya msimu wa korosho gharama hiyo huamua mambo. Hili peke yake linatosha kuandikiwa makala nyingine.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Ndigana kali na ugonjwa wa moyo maji, yote ya kupe, yanaweza kumfanya ng'ombe azunguke na kugonga miti kama aliyerukwa na akili; hayo hayamwambukizi mtu, kinga yake ni kumwogesha ng'ombe dawa ya kupe. Minyoo ya tegu ya kwenye nyama ya ng'ombe haipandi kichwani kwa mtu. Ya nguruwe ndiyo inayoweza kuingia kwenye ubongo na kuleta kifafa, hivyo wafugaji wa nguruwe wa Masasi na Newala wawe na vyoo na wafungie wanyama wao. Malale ni habari nyingine. Vimelea vya aina ya Afrika Mashariki hukaa kwa ng'ombe, tena ng'ombe anaweza kuonekana mzima, mbung'o akavibeba hadi kwa mtu, na kwa mtu vikaishia kwenye ubongo. Wazee wa Liwale wanajua kwamba miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilihamisha vijiji kwa kisingizio au kwa sababu ya malale, na ardhi iliyoachwa ikaingizwa kwenye pori la akiba la Selous. Watu wa huku walilipa kwa makazi yao.

Kwa karne nyingi mbung'o ndiye aliyefanya Kusini pasiwe na ng'ombe wengi. Hali ilibadilika baada ya 2006, wafugaji walipoondolewa Ihefu na bonde la Usangu na kuelekezwa Lindi, wakateremka na makundi yao Kilwa, Nachingwea, Liwale na Lindi vijijini. Wasukuma, Wabarbaig na Wamaasai wakakutana na Wamwera, Wayao na Wamakonde ambao ng'ombe kwao alikuwa mnyama wa kununua siku ya harusi, jando au Idi. Kuhusu migogoro ya mashamba yamesemwa mengi. Kuhusu maarifa halijasemwa neno. Mfugaji wa Kisukuma anamfahamu ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama masikio tu. Mnunuzi wa kijijini hapa, ambaye hakukulia zizini, hamfahamu. Na afisa mifugo aliyepaswa kusimama katikati yao ana kata mbili au tatu, pikipiki moja, na mafuta ya kujinunulia.

Basi tukubaliane nani anayelipa. Ng'ombe mkubwa mmoja ni ada ya mwaka ya mtoto, au bati la nyumba. Ukimwambia mwenye ng'ombe atoe taarifa kwamba mnyama wake ana dalili za kichaa, unamwambia akubali kupoteza kila kitu kwa faida ya watu asiowajua. Atamwahi kisu, atauza kwa bei ya kutupa kijiji cha pili, na kichwa kitaingia kwenye ndoo. Waingereza nao walipita hapo. Mwaka 1988 walianza kwa kumlipa mfugaji nusu ya bei ya ng'ombe aliyethibitika kuwa mgonjwa, ikahofiwa kwamba nusu inaweza kumshawishi mtu kuficha, na Februari 1990 wakaanza kulipa bei kamili. Hiyo ilikuwa nchi tajiri na ng'ombe wagonjwa walikuwa maelfu. Sisi tunazungumzia ng'ombe wachache kwa mwaka katika halmashauri moja, ambayo inakusanya ushuru kwenye kila mnada na ada kwenye kila machinjio. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa kumlipa bei ya sokoni mfugaji atakayepiga simu kabla hajanoa kisu, na afisa mifugo akapewa mafuta, glovu na boksi la barafu la kupeleka sampuli Mtwara, mama wa supu ataletewa kichwa ambacho mtu fulani aliiona miguu yake ikitembea.